Keateka wa Mchanga

Alhamisi, tarehe 16 Oktoba. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya vilima, mazito, lakini hakuna hata tone. Joto ni lile la kungoja mvua. Hata kuku wanatembea midomo wazi.

Leo fundi amepiga sakafu ya sebule yetu. Jumamosi watu wa Wamunyu wanaleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya binti yangu Ndinda, na kwetu bila hao mbuzi msichana hajaolewa, hata akae kwa mume miaka mingapi. Kwa hivyo ningepaswa kufurahi. Lakini nimekaa hapa nje kwa kigoda, daftari magotini, na nimechoka na mtu mmoja mpaka kichwa kinaniuma.

Nataka kumwandika huyo mtu alivyo. Sijui kama nitaweza. Shule niliachia darasa la nane, na mara nyingi nikirudi kusoma nilichoandika mwezi uliopita naona nilimwonea mtu. Kwa hivyo leo nitajaribu hivi: nikiweka baya lake, kama kuna zuri lililo karibu, nitaliweka hapo hapo, hata kama sitaki.

Jina lake sitaliandika. Hakuna anayelitumia. Watoto wake wenyewe humwita Keateka, lile neno la Kiingereza, caretaker.

Keateka wa nini? Wa mchanga. Mgeni akija hapa Kalama na kuangalia mto wetu ataona mchanga mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo na atatuhurumia. Maji yako ndani. Wazee wa mwethya, kile kikundi cha kusaidiana kazi, walijenga ukuta wa simiti kukata mto, mvua ikaleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakajificha humo. Unachimba kwa mkono na kibuyu, unangoja, yanatokea safi. Mchanga ukienda, maji yameenda. Na mchanga unapendwa. Malori hutoka mbali kuufuata, maana miji yote inajengwa. Mto wa upande wa chini ulichotwa mpaka mwamba ukaonekana, na akina mama wa kule sasa wanakuja kwetu na punda. Hayo ni kweli, na yeye ndiye aliyezuia yasitufike. Nimeyaweka mwanzo ili nisije nikasahau nikishapata hasira.

Sasa, kazi yenyewe. Siku aliyopewa nilikuwa kwenye mkutano, Ndinda akiwa mgongoni. Mwenyekiti alikuwa amehama, watu wanabishana, jua linachoma, mtu mmoja akasema, "Tuweke keateka kwa sasa, mpaka tuchague mtu." Tukapiga makofi ili twende nyumbani. Kwa sasa! Ndinda ameshakuwa mtu mzima, ana kazi yake kule Mavoko, anaolewa, na uchaguzi haujafanyika. Mtu akiutaja, Keateka anauliza, "Kuna nini kimeharibika?" Unatafuta cha kusema, hupati. Ndivyo anavyokushinda, na ndicho kinachochosha.

Siku moja Mwalimu, jirani yetu wa upande wa juu, aliyestaafu na anapenda sana kusahihisha watu, alikuja kisimani na kamusi nene. Alitaka kummaliza. Sisi tulikuwa tumeketi tukingoja maji yajae.

"Leo nimekuja kukusomea jina lako," Mwalimu akasema. "Hili neno la Kiingereza lina maana nyingi. Kwanza, ni mtu wa kuangalia jengo. Wewe huna jengo."

"Ukuta ni jengo."

"Haya. Pili, ni mtu wa kulea mtoto au kumwangalia mgonjwa."

"Endelea."

"Tatu, ni serikali ya kushikilia kwa muda tu, mpaka ile ya haki ipatikane." Mwalimu alisoma hiyo polepole, akatutazama, na sisi wanawake tukacheka mpaka mmoja akamwaga maji yake.

Keateka hakucheka. Alisema, "Hiyo ya tatu futa."

"Kamusi haifutwi, mzee."

"Basi geuza ukurasa."

Mwalimu akageuza kweli, maana akifungua kitabu hawezi kuacha. Akasoma kwamba nusu ya kwanza ya hilo neno, kea, ni ya zamani sana, na Waingereza wa kale waliposema kea hawakumaanisha kutunza. Walimaanisha huzuni, kilio, ile hali ya mtu aliyefiwa. Kutunza kulikuja baadaye, juu ya huzuni. Mwalimu mwenyewe alishangaa, akairudia mara mbili.

Keateka akasema, "Huyo aliyeandika amewahi kuchunga mto." Akachukua fimbo yake akaenda. Tangu hapo ukimwita mlinzi anakasirika. Mlinzi, anasema, analinda kitu asichokipenda.

Sijui kama alielewa vile mimi nilivyoelewa. Pengine mimi ndiye sikuelewa.

Fimbo hiyo haimpigi mtu. Ni ya kuandika. Kila jioni anaburuta tawi la mwiba kwenye mchanga, ukingo mpaka ukingo, mchanga unakuwa laini kama kitanda kilichotandikwa. Asubuhi anakuja kusoma nani amepita. Ukikuta ameweka duara kwa fimbo kuzunguka wayo wako, ujue umeitwa. Mimi nimewahi kuitwa kwa sababu niliacha kisima wazi. Sheria yake ni kwamba ukishateka unafunika shimo kwa miba, ng'ombe wasiingie. Niliacha kwa sababu mtoto alikuwa analia nyumbani. Nilimweleza hivyo. Akasema, "Mwaitu, ng'ombe nao walisikia mtoto akilia, wakaja." Ananiita mwaitu, mama yangu, kwa heshima yote, hata wakati ananitukana.

Na barabara! Hiyo siwezi kumsamehe vizuri. Ili malori yasifike mtoni, alipanda makonge katikati ya njia na kuviringisha mawe makubwa pale kwenye mteremko. Akafaulu, malori hayaji. Lakini lori haliji kuchukua, na lori haliji kuleta. Nikitaka mchanga wa kununua, hauna pa kupita. Mgonjwa anabebwa kwa machela mpaka barabara ya juu. Watu wamemwambia ayatoe mawe. Anasema wamwonyeshe jiwe linaloweza kutofautisha lori zuri na lori baya, ataliweka hilo. Kwa haki niseme kwamba mgonjwa akibebwa, yeye huwa wa kwanza kushika machela. Mgongo wake umeharibika hivyo.

Sasa nije kwenye mchanga wenyewe, maana ndio ulionileta kwenye hili daftari.

Kikundi kilikubaliana zamani kwamba mchanga wa mto hautolewi kwa ujenzi wowote, isipokuwa wa kaburi. Kila boma likifiwa linapewa wilbaro kadhaa, kipimo kimoja kwa tajiri na maskini, za kuchanganya simiti ya kufunika marehemu. Kuna watu wanasema Keateka aliitunga hiyo sheria baada ya kusomewa kamusi. Si kweli. Ilikuwepo kabla, na mimi niliinua mkono kuikubali. Lakini aliishika kama hakuna kitu kingine duniani. Ukienda kumwomba mchanga, hata kabla ya salamu kuisha, anauliza, "Nani amekufa?"

Pasta alienda kuomba wa choo cha kanisa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mzee wetu."

"Basi Bwana asifiwe. Rudini nyumbani."

Vijana wakawa wanamtania. Wakikutana naye sokoni wanasema kwa sauti, "Nani amekufa?" Naye anajibu, "Bado wewe," bila hata kugeuka.

Na usifikiri kwake kulikuwa na njia ya pembeni. Mke wake alipofariki, tulikusanyika wote. Pasta anaomba, akina mama wanaimba, na yeye, bwana wa marehemu, amesimama pale njia ya mtoni anahesabu wilbaro kwa sauti. Moja. Mbili. Pasta akanyamaza akidhani atanyamaza. Hakunyamaza. Ilipofika ya mwisho, mpwa wake akaja na nyingine juu, kwa huruma tu, ili kaburi la shangazi liwe zuri. Keateka akamzuia mbele ya jeneza. "Hiyo rudisha." Kijana akarudisha, analia. Siku hiyo nilimchukia. Nilisema huyu si mtu. Lakini nilikuwa karibu naye, na niliona uso wake ukiwa umelowa wote. Inaweza kuwa ilikuwa jasho, siku ilikuwa ya joto. Sitaki kuandika nisichojua.

Nyumbani kwake sakafu ni udongo mpaka leo.

Yetu pia ilikuwa udongo mpaka leo asubuhi. Nyumba tuliimaliza kwa matofali na mabati, Baba Ndinda alipambana, lakini sakafu ikabaki. Mimi sikujali sana. Udongo unafagiwa, unanyunyiziwa maji. Nilianza kujali baada ya yaliyompata dada yangu. Siku ya ntheo ya binti yake, mguu wa kiti cha shangazi wa bwana harusi ulizama sakafuni, mama wa watu akaanguka chali na soda mkononi. Mpaka leo ule ukoo ukimtaja dada yangu wanasema "wale wa kwa shimo". Binti yake ndiye anayeishi na hilo jina, si dada. Nikaapa Ndinda hataingia kwa watu na jina kama hilo. Tukanunua simiti, ikabebwa mgongoni kutoka barabara ya juu, mfuko kwa mfuko. Kokoto tukagonga wenyewe. Kikabaki mchanga.

Nilienda kwa Keateka mwezi wa sita. "Nani amekufa?" Nikaenda baada ya mavuno. "Nani amekufa?" Nikamtuma Baba Ndinda, ambaye humwogopa, akarudi na maboga mawili aliyopewa na hakuna mchanga. Nikauliza, "Ulimwambia nini?" Akasema, "Tuliongea habari ya maboga."

Ndinda alipopiga simu nikamweleza. Akacheka. "Mum, huyo mzee ni noma. Si mteke tu usiku?"

"Atasoma nyayo."

"Vaeni viatu vya Mwalimu."

Nilicheka, lakini nilipoenda kuangalia mifuko ya simiti nikakuta pembe zimeanza kushika, ngumu kama magoti. Wiki mbili zaidi na ingekuwa mawe. Na Jumamosi ndiyo hii.

Kwa hivyo jana mchana nikaenda kwake mara ya mwisho. Sikuwa na maneno mapya, nilikuwa na hasira tu. Sikumkuta mbele ya nyumba. Nikazunguka nyuma nikiita hodi, na huko nyuma, chini ya mabati ya zamani na miba, nikaona lundo. Nikatoa bati moja. Mchanga! Mchanga wa mto wetu, ule mweupe wenye chembe nyekundu, siwezi kuukosea. Lundo zima.

Moyo wangu uliruka kwa furaha mbaya. Miaka yote hii! Hata sikuona aibu. Alipokuja akiburuta mguu mmoja uliovimba, nikasema, "Mzee, leo nimekushika."

Aliangalia bati mkononi mwangu. "Rudisha hilo bati, kuku watachakura."

"Nani amekufa?" nikamuuliza. Nilikuwa nimengoja sana kumuuliza mtu hilo neno.

"Mimi," akasema.

Akaketi juu ya jiwe. Ilichukua muda nielewe, maana alieleza kama mtu anayeeleza njia ya dukani. Huo mchanga ni wa kaburi lake. Wilbaro zake, kipimo kile kile, alizichota mwaka jana mbele ya Pasta na Mwalimu, waulizeni. Kwa nini? Kwa sababu siku atakayokufa hakutakuwa na wa kuhesabu. Watu watakuja mtoni na wilbaro wakisema ni za Keateka, na kwa jina lake watachota mpaka wafikie ukuta. "Mazishi yangu yatamaliza mto," akasema. "Nawajua nyinyi. Mtanipenda sana siku hiyo."

Nilirudisha bati.

"Simiti yenu imeanza kuganda," akasema. "Baba Ndinda aliniambia."

Kumbe hawakuongea maboga tu.

"Ni uharibifu," akaendelea. "Chukua huu."

"Upi?"

"Kwani unaona mwingine? Wa mto sikupi. Huu si wa mto tena, huu ni wangu."

"Na wewe je, mzee?"

"Mimi nitafunikwa na udongo. Baba yangu yuko chini ya udongo na hajawahi kutoka."

Nikakataa. Nataka iandikwe kwamba nilikataa, na si kwa mdomo tu. Niliondoka mpaka kwenye lango. Akaniita, "Mwaitu! Wewe uliacha kisima wazi. Huyo msichana wako tangu alipoanza kuteka hapa hajawahi kuacha. Hata siku moja. Nilikuwa naangalia." Akatema mate pembeni. "Si kwa ajili yako. Na magunia yangu ya kubebea yarudi."

Jioni tulibishana, mimi na Baba Ndinda. Nilisema hatuwezi kukanyaga kaburi la mtu. Alisema tutamrudishia. Nikamuuliza kwa mchanga gani, na lini, kama mto hautoi mpaka mtu afe? Akafikiria sana. "Basi mmoja wetu itabidi amtangulie." Sikucheka. Kisha nikacheka. Kisha nikasema mimi nikitangulia, wilbaro zangu ziende kwake, na yeye akasema zake pia, na tukakubaliana hivyo kabisa, watu wawili wazima, kama watu wanaopanga nani ataamka kukamua. Usiku huo huo tukausomba mchanga kwa magunia yake.

Leo alfajiri Keateka alifika kabla ya fundi. Nilidhani amekuja kuona mchanga wake ukitumika, nikaanza kutafuta maneno mazuri ya shukrani. Nilikuwa nimeyapanga usiku kucha. Sikupata nafasi. Alianza na chekecheo, kwamba matundu ni makubwa. Akaja kwa maji, kwamba ni mengi. Akamwambia fundi, mtu aliyejenga nusu ya nyumba za hapa, kwamba amwage kutoka nyuma kuja mlangoni, kana kwamba fundi angejifungia ndani. Saa nne fundi akaweka mwiko chini.

"Mama Ndinda, chagua. Mimi au huyu mzee."

"Wewe," nikasema.

"Basi mwambie aende."

"Mwambie wewe."

Hakuna aliyemwambia. Kila wilbaro ilipoingia aliihesabu kwa sauti, na mimi nilipomsikia nikakumbuka mazishi ya mke wake, nikaingia jikoni nikajifanya natafuta kijiko. Mchanga ukatosha sebule, ukaishia kwenye kizingiti cha chumba cha kulala. Hakukubaki hata wa kujaza kikombe. Aliona, akatikisa kichwa kama mtu ambaye hesabu yake imetoka.

Sakafu ni nzuri. Sijawahi kuona kitu cha kwangu kikiwa sawa namna hiyo. Na bado nimekasirika, na nimejaribu kuandika kwa nini, kurasa hizi zote, na sijapata. Mtu akikunyima miezi na miezi unajua la kufanya, unalalamika. Huyu akaninyima, kisha akanipa kitu kikubwa kuliko nilichoomba, na hataki hata nimwambie asante. Nilipojaribu mchana, akaniuliza magunia yako wapi. Pengine nimemwonea tena. Nitasoma mwezi ujao.

Nilidhani fundi akienda naye ataenda. Hajaenda. Amevuta kiti akakiweka mlangoni, nje ya kizingiti, fimbo juu ya magoti, na amekataza mtu yeyote asiingie mpaka simiti ishike. Nikamwambia vitanda vyetu viko ndani, njia ni hapo sebuleni. Akasema jikoni pana nafasi. Baba Ndinda alitaka koti lake tu, lililotundikwa ukutani, unaliona pale kwa macho. "Kesho," akaambiwa. Kuku mmoja akajaribu. Hakujaribu tena.

Jioni hii tumekula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, wote nje, sahani magotini, tukiitazama nyumba yetu. Sahani ya kwanza nilimpelekea yeye pale mlangoni. Alionja, akasema chumvi ni kidogo, na akala yote.